Bustani ya shule ianze na sufuria, jembe lifuate

Masika ikikaribia shule nyingi huku kwetu zinafanya hivi: mwalimu mkuu anatangaza mstarini kila mtoto aje na jembe, eneo linalimwa siku mbili, zinanunuliwa mbegu zozote zilizopo dukani, mchicha unaota vizuri kabisa, walimu wanapiga picha wanatuma kwenye grupu la wasapu, na baada ya mwezi ule mchicha umekomaa umetoa maua, umekuwa mgumu hauliki, na hakuna aliyekuwa anajua ulitakiwa uende wapi. Wengine walichuma wakapeleka kwao, mwingine ukauzwa kwa majirani, na watoto waliolima hawajaonja hata jani moja. Mwaka unaofuata pale pamekuwa nyasi tena.

Mimi naamini shida haianzii kwenye udongo wala kwenye mbegu, inaanzia pale tulipotangulia na jembe. Bustani ya shule inatakiwa ianze na sufuria. Jiulize kwanza hizi mboga atapika nani, siku gani, watakula watoto wangapi, halafu ndo urudi nyuma taratibu mpaka ufike kwenye kulima. Mimi ni mlezi wa klabu ya lishe kwenye shule ya msingi hapa Morogoro, na nikiangalia bustani zilizodumu, za kwetu na za shule jirani, zote zina hicho kitu: jiko na bustani vinajuana. Kwahiyo mwongozo huu nimeupanga hivyo hivyo, usishangae mambo ya kulima yanakuja katikati.

Kabla ya yote, adhabu itoke bustanini

Wazazi na babu zetu waliosoma baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 wanayakumbuka mashamba ya shule. Wazo lenyewe lilikuwa zuri sana, mtoto ajifunze kwa kufanya na shule ijilishe kiasi inachoweza, lakini sehemu nyingi kazi ya shamba ikageuzwa kiboko: umechelewa namba nenda kamwagilie, umepiga kelele kalime mita kumi. Mpaka leo ipo. Sasa mtoto ambaye kila akishika keni ya kumwagilia ni kwa sababu amekosea, huyo unamfundisha nini kuhusu mboga? Unamfundisha kwamba mboga ni mateso, na hilo linakaa kichwani mpaka anakuwa mtu mzima mwenye eneo la kutosha nyuma ya nyumba na hapandi kitu.

Kwahiyo kikao cha kwanza cha walimu mkubaliane, na mwalimu mkuu aliseme mstarini watoto wote wasikie, kwamba hakuna adhabu ya bustani. Kuingia bustanini iwe ni zamu ya darasa au ya klabu, kitu mtoto anakisubiri. Na kama kuna mwalimu anatuma watoto wamchumie mboga za nyumbani kwake muda wa vipindi, hilo nalo liongelewe siku hiyo hiyo, taratibu, bila kugombana.

Kaa na mama mpishi

Nenda jikoni ukakae na mama mpishi na daftari lako. Muulize wiki nzima anapika nini. Shule nyingi zinazotoa chakula utakuta asubuhi uji, mchana makande au ugali na maharage, Jumatatu mpaka Ijumaa ni hivyo hivyo. Yale makundi sita ya chakula tunayofundisha darasani, yaani nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga, vyakula vinavyotokana na wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta, mtoto kwenye sahani yake anapata mawili na mafuta kidogo sana. Kazi ya bustani ni kujaza pale palipo wazi. Sio kulima mahindi. Hili nalisisitiza manake nimeona eneo dogo zuri lenye bomba karibu limepandwa mahindi, miezi minne limekaliwa na kitu ambacho stoo tayari kipo, magunia ya wazazi yamejaa, na mboga hakuna.

Sasa piga hesabu, na kama una darasa la tano au la sita piga nao ubaoni, hiki ni kipindi kizima cha hisabati na watoto wanakipenda kwa sababu ni chakula chao. Tuseme wanaokula mchana ni watoto 200. Kila mmoja ukimpa gramu 50 za mchicha mbichi, ambazo ukiiva zinanywea zinabaki vijiko viwili vitatu, unahitaji kilo 10 kwa mlo mmoja. Tuta la mita 1 kwa mita 5 likitunzwa vizuri weka makadirio ya kilo 5 mpaka 7. Kwahiyo mlo mmoja unakula matuta mawili. Mchicha unachukua wiki 3 mpaka 4 toka kusia mpaka kuvuna, maana yake ukitaka watoto wale mchicha mara moja kila wiki bila kukatika unahitaji matuta 8, kila Jumatatu unasia mawili na kuvuna mawili. Ukitaka mara mbili kwa wiki ni matuta 16.

Na hapo bado tuko chini. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 6 mpaka 9 apate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, kuanzia miaka 10 gramu 400. Hizo gramu 50 ni mwanzo tu, ila ni mwanzo ambao mtoto anauona kwenye sahani.

Usisie yote siku moja. Nalirudia hili kwa sababu ndo kosa linaloua bustani nyingi, mchicha wote unakuwa tayari wiki moja, jiko haliwezi kuumaliza, halafu wiki tatu hakuna kitu.

Maji ndo yanaamua ukubwa

Endelea na hesabu ile ile. Matuta 8 ni mita za mraba 40. Kiangazi kila mita ya mraba inataka kama lita 4 mpaka 5 za maji kwa siku, hiyo inakuja lita 160 mpaka 200, yaani ndoo kubwa za lita 20 kati ya 8 na 10, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Matuta 16 ni ndoo 16 mpaka 20. Sasa jiulize kwa ukweli kabisa hizo ndoo zinatoka wapi na anabeba nani. Kama watoto wanafuata maji bondeni na ndoo kichwani, mimi nasema punguza matuta, usiwaongezee watoto mzigo eti kwa jina la lishe, na hasa watoto wa kike ambao nyumbani nako ndo wanaotumwa maji.

Matuta manne sio aibu. Tuta moja kwa wiki linatosha watoto 100 kwa kipimo kile cha gramu 50, basi waanze kula wa awali na darasa la kwanza na la pili. Hao ndo wanaohitaji zaidi, utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa nchini wamedumaa, na hao hao ndo wanaokuja kutuingilia awali na begi mgongoni.

Maji mengine shule inayo ila yanamwagika tu. Vile vibuyu chirizi vya kunawia mikono viwekwe mahali ambapo maji yake yanaangukia kwenye shimo la mgomba au mpapai, sio katikati ya uwanja panatengeneza tope. Maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni yapelekwe kwenye migomba, usimwagie mboga za majani. Kama darasa lina bati, gata moja na tenki hata la kuazima litakuvusha wiki kadhaa baada ya mvua kukata. Na matandazo, jamani matandazo, nyasi kavu zile zile watoto wanazofyeka uwanjani badala ya kuchoma moto zitandazwe katikati ya mistari, udongo haukauki haraka na magugu yanapungua. Mwagilia asubuhi mapema kabla ya mstari, au jioni jua likishuka, saa sita mchana unapoteza maji bure.

Sehemu kavu kama Dodoma na Singida chimbeni matuta ya kuzama, yaani tuta liko chini kidogo kuliko njia ili maji yakae. Sehemu za mvua nyingi tuta linyanyue, la sivyo mizizi inaoza.

Kuku na mbuzi

Hapa sina maneno mengi. Bila uzio usinunue mbegu. Kuku wa jirani watatu wanamaliza kitalu cha wiki mbili asubuhi moja. Matete, miba, nyavu chakavu za wavuvi kwa walio pwani na ziwani, michongoma kama una subira, mlonge ukipandwa kwa kusongamana nao unakuwa uzio na majani yake ni mboga. Geti lifungwe na awepo mtoto wa zamu wa kulifunga.

Sasa tupande nini

Mchicha ndo wa kwanza kwa sababu ni wa haraka na mtoto mdogo anaona matokeo kabla hajasahau kwamba alipanda. Mbegu ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane, chora mistari iliyoachana sentimita 20 mpaka 30, nyunyiza, funika na udongo kidogo mno, ndani ya siku 3 mpaka 5 unaota. Ukikata kwa kisu na kuacha shina fupi badala ya kung'oa unachipua tena, ila mavuno ya pili yanakuwa madogo.

Matembele mimi nayapenda kuliko mboga zote kwa shule. Hayanunuliwi mbegu, unaomba marando kwa jirani, unakata vipande vya sentimita 30 hivi, unazika vifundo viwili vitatu, unamwagilia, baada ya mwezi na kitu unaanza kuchuma na unaendelea kuchuma miezi mingi. Yanavumilia hata wiki mlizosahau kumwagilia. Na hapo hapo panda viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Hivi ni kazi ya watafiti kabisa, mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa watu wanne, akiwemo Robert Mwanga wa hapo Uganda, kwa kazi iliyohusu viazi hivi na vyakula vingine vilivyoongezwa virutubisho. Kiazi kimoja kidogo cha gramu 125 hivi kinampa mtoto wa umri wa chekechea vitamini A yake yote ya siku. Lakini tofautisha, tuta la kuchuma majani liwe lake na tuta la viazi liwe lake, manake ukichuma sana majani viazi vinakuwa vidogo.

Sukuma wiki, chainizi na figiri zinahitaji umakini zaidi. Sukuma inaanzia kitaluni wiki 4 mpaka 5 halafu inahamishwa kwa nafasi ya sentimita 45 mpaka 60, lakini ikishika unachuma majani ya chini miezi kadhaa. Mnafu, mgagani, majani ya kunde na ya maboga usiyaache, kuna watoto wanayadharau wanayaita mboga za porini au za bibi, wakati Tengeru pale Arusha kuna kituo cha utafiti wa mboga duniani ambacho kwa miaka mingi kinafanyia kazi mboga hizi hizi za asili. Waambie watoto hivyo. Mtoto akijua kuna wanasayansi wanazihifadhi mbegu za mgagani anauangalia mgagani kwa jicho jingine.

Kisamvu kinafaa sana kwa sababu kinahimili ukame, ila mpishi ajue, na watoto wajue pia, kwamba majani ya muhogo mabichi yana sumu, lazima yatwangwe na yachemshwe vizuri mpaka yaive kabisa. Na hapo shuleni panda aina ya muhogo mtamu tu, watoto wanang'oa na kutafuna mbichi hata ukikataza.

Matunda watu wanayasahau kwa sababu yanachelewa. Mpapai hauchelewi, mwaka mmoja hivi unakula. Panda michache karibu na kibuyu chirizi, panda pasheni kwenye uzio, na miembe michache kwa ajili ya watoto ambao leo wako chekechea.

Udongo na mboji

Tuta upana usizidi mita 1, kwa watoto wadogo hata sentimita 80, ili mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga. Njia kati ya tuta na tuta nusu mita. Kwa tuta la mita 5 changanya ndoo kubwa moja au mbili za samadi iliyoiva, na kuiva maana yake haina joto, hainuki na imekuwa kama udongo, samadi mbichi inaunguza miche na ina vijidudu ambavyo hutaki vikae kwenye mboga za watoto.

Mboji tengeneza na watoto wenyewe: majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, juu yake samadi au udongo kidogo, unamwagia maji, unarudia tabaka mpaka kimo cha kiuno cha mtoto, unafunika. Chomeka kijiti kirefu katikati, baada ya siku chache mtoto akichomoa akishika anakuta cha moto, na hapo umepata kipindi cha sayansi bila maabara, viumbe wadogo wanaoozesha wanatoa joto. Geuza kila baada ya wiki mbili tatu, miezi miwili mpaka mitatu iko tayari. Shule zisizo na eneo, hasa mjini, tumieni viroba vya saruji au vya sukari, udongo na samadi pembeni, mawe katikati kwa ajili ya maji kushuka, toboa matundu ubavuni upande miche, kiroba kimoja kinabeba sukuma nyingi kuliko unavyodhani.

Wadudu: vidukari vinakaa chini ya majani, watoto wafundishwe kugeuza jani kila siku ya zamu na kuvipondaponda wakiwa bado wachache, maji ya sabuni ya kipande yanasaidia, majivu pia, majani ya mwarobaini yaliyopondwa yakalowekwa usiku kucha yakachujwa yanasaidia. Sumu za madukani mimi sikubali ziingie bustani ya shule, hata kama bwana shamba amesema ni nyepesi. Mtoto anachuma na kula hapo hapo bila kuosha, hatasubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Bora tuta moja liliwe na wadudu mling'oe.

Kufundisha, hapa ndo pa kukaa

Gawa matuta kwa makundi ya watoto sita mpaka nane, kila kundi lina tuta lake na kibao chenye jina walilochagua wenyewe. Changanya wasichana na wavulana na kazi zizunguke, isiwe wavulana wanalima wasichana wanamwagilia na kupika. Wadogo wa darasa la kwanza wape mbegu kubwa kama kunde na maharage, zinashikika na zinaota chini ya wiki. Kabla ya kupanda wafanye majaribio, mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi siku tano, wahesabu ngapi zimechipua, wakipata 7 wanajua kati ya mia zitaota kama sabini, asilimia wameshaijua hata kabla ya kufika kwenye kitabu. Kila kundi liwe na daftari: tarehe ya kusia, ya kuota, urefu kila Ijumaa, mvua ilinyesha au haikunyesha, kilo tulizovuna. Mezani kwa mwalimu wa hisabati hilo daftari ni grafu, kwa mwalimu wa Kiswahili ni insha.

Kwenye kufundisha chakula chenyewe kuna jambo moja naomba sana mlichukue kwa uzito. Usimuulize mtoto mbele ya wenzake jana usiku alikula nini. Najua vitabu vingine vinaelekeza hivyo, orodhesha ulichokula jana kisha panga kwenye makundi. Kuna mtoto jana alikula ugali na chumvi, kuna mwingine hakula, na sasa amesimama darasani anatunga uongo. Unaweza kufundisha makundi yote ya chakula kwa kutumia sahani ya shule, chakula cha sherehe, au kilichopo sokoni msimu huu, bila kumfunua mtoto. Na usiseme chakula cha nyumbani kwake ni kibaya. Sema tukiongeza nini kinakuwa bora, dagaa kidogo, karanga za kusaga kwenye mchicha, embe baada ya kula. Nyongeza hizo hata mama mwenye kipato kidogo anazifikia baadhi, na mtoto anarudi nyumbani na wazo badala ya aibu.

Kuonja kuwe na siku yake. Kwetu ni Ijumaa kipindi cha mwisho, klabu inaandaa kitu kimoja tu kutoka bustanini, kila mtoto anapewa kijiko kimoja, hakuna kulazimisha, asiyetaka ananusa au anagusa halafu anapita. Watoto wengi hawakubali chakula kipya mara ya kwanza, inaweza kuchukua mara nane, kumi au zaidi kukionja ndo wakakizoea, kwahiyo ukiona wamekunja uso mara mbili usikate tamaa ukasema hawa watoto hawapendi mgagani. Mgagani ni mchungu, anza kuuchanganya na mchicha na maziwa au karanga, punguza taratibu. Na kitu kinachosaidia kuliko hotuba yoyote ni mwalimu kusimama pale na kula hicho hicho, kwa furaha, watoto wanakuangalia.

Usiwatishe na magonjwa. Mtoto wa miaka minane hafikirii presha wala kisukari. Mwambie mboga za majani na maharage zinasaidia damu, mtu mwenye damu ya kutosha hachoki haraka uwanjani. Hiyo anaielewa siku hiyo hiyo.

Turudi jikoni

Bustani nzuri inaweza kuharibiwa na sufuria. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zikikatwa kwanza ndo zikaoshwa virutubisho vingi vinaondoka na maji. Zisichemshwe mpaka zikabadilika rangi, na maji yake yasimwagwe. Tia mafuta kidogo, vitamini A ya kwenye majani na viazi lishe inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Kamulia ndimu au chakula kisindikizwe na chungwa, pera au papai, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo huo, inazuia hayo madini, isogezwe mbele saa moja hivi au zaidi.

Mama mpishi aitwe kwenye vikao vya klabu, apewe heshima yake, yeye ndo mwalimu wa lishe ambaye watoto wanakutana naye kila siku. Wengi hawaitwi popote. Mkimkabidhi kilo kumi za mchicha saa nne asubuhi bila taarifa atachukia na ana haki, kuosha na kukata mboga za watoto 200 ni kazi. Panga watoto wakubwa wa klabu na wazazi wawili wa zamu wamsaidie siku za mboga. Wakati uko stoo angalia na mahindi na karanga, zilizoota ukungu au kunyauka zitolewe, sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na kupika hakuiondoi.

Nje ya geti pia kuna chakula. Watoto wananunua aisi za rangi, pipi, biskuti, chipsi. Ukiwafukuza wale kina mama wanahama hatua ishirini tu, na ile biashara ndo inayosomesha watoto wao, wengine ni wanafunzi wetu hao hao. Kaa nao, waombe waongeze mihogo ya kuchemsha, machungwa, matango, ndizi, karanga, na mwalimu mkuu awape wanaokubali nafasi nzuri ya kivuli. Inafanya kazi taratibu, lakini inafanya kazi.

Mavuno yaonekane

Tundika karatasi ukutani nje ya ofisi: tarehe, mboga gani, kilo ngapi, zimekwenda wapi. Sufuria ya watoto kwanza, ziada ndo iuzwe, na pesa ya ziada ionekane imenunua mbegu au keni. Wazazi wakiona hiyo karatasi siku ya kikao huhitaji kuwabembeleza wachangie mafuta. Mwalimu anayetaka mboga za kwake anunue kama mtu mwingine na jina lake liandikwe hapo hapo.

Likizo na mbegu

Likizo ya Juni ndo inayoua bustani nyingi, masika imeisha, watoto wameondoka, wiki kadhaa hakuna mtu. Wiki ya mwisho ya muhula vuneni mchicha wote, msisie mpya, acheni yanayovumilia kama matembele, kisamvu, mlonge na mipapai, ongezeni matandazo mazito. Chagua familia tatu nne zinazokaa karibu na shule, wapewe zamu ya kumwagilia na wanachochuma wiki hiyo ni chao, iandikwe kabisa kwenye muhtasari wa kamati ya shule ili asije mtu akawaita wezi. Desemba sehemu nyingi kuna mvua, maji sio shida, shida ni magugu na mbuzi, kwahiyo kabla ya kufunga shule, kazi iwe uzio.

Kila msimu acheni mashina matano sita ya mchicha yaliyonona kuliko yote, yafungwe kitambaa chekundu watoto wasiyachume, yakomae mpaka mbegu zianze kudondoka ukiyatikisa. Kateni masuke, yaanikwe kivulini juu ya turubai, yapigwe, yapepetwe. Kunde na mgagani fanyeni hivyo hivyo. Wekeni kwenye chupa kavu yenye kifuniko, iandikwe jina la mboga na mwezi, ikae kwenye kabati la ofisi, na ufunguo abaki nao mtu ambaye Januari shule ikifunguliwa atakuwepo.